Darubini ya bunduki ya upepo inarudi nyuma kila nikipiga, kukaza hakusaidii

MwanaKonde

Assalam alaykum jamani, naomba msaada wenu maana nimejaribu kila nnalolijua. Mie niko Konde huku Pemba, nafuga kuku wa kienyeji na kunguru wananimaliza, wiki ilopita tetea kaangua vifaranga kumi na mmoja, leo wamebaki wanne. N'na bunduki ya upepo, ile ya springi ya kukunja mtutu, ya risasi za milimita 5.5, na kibali ninacho. Nguvu inayo, tatizo darubini haikai.

Ninavyofanya, nabandika karatasi kwenye kifuu nakiegemeza kwenye ukuta wa mawe mita 20, risasi tano za mwanzo zinaingia pamoja unaweza kuzifunika na kizibo cha soda. Zikifika kumi na tano ishirini zinaanza kuhama, zinashuka na kwenda kushoto. Narekebisha kwa vile vifundo vya juu na ubavuni zinarudi katikati, kesho yake nikichukua bunduki zishahama tena. Nikakaza skurubu. Nikakaza tena, safari hii nimetia kipande cha paipu kwenye ufunguo wa L nipate nguvu, skurubu moja kichwa kikaliwa sasa ufunguo unazunguka bure, na bomba la darubini limebonyea alama ya pete inayolishikilia. Kabla ya hii nilikuwa na nyengine, darubini nzuri kabisa ilotoka kwenye bunduki ya baruti, haikufika hata risasi mia, nyuzi za ndani za kulengea zikalala upande ndo ikawa basi.

Jirani yangu fundi chuma anasema tuipige weldi pale pale juu ya reli, mwengine anasema gundi ya haraka. Kabla sijaiharibu nauliza, kuna mtu yamemkuta haya akayamaliza?

GerejiYaVespa

Waalaykum salaam yakhe. Usichome weldi, usitie gundi, na hiyo paipu iweke mbali. Kwanza nikwambie kinachotokea ndani, maana ukikijua hicho utaona wewe mwenyewe kwa nini kukaza peke yake hakufai.

Bunduki ya baruti inarusha teke moja, la nyuma. Ya springi inarusha mawili. Ukivuta kifyatuo springi linasukuma pistoni mbele, bunduki inarudi begani kwako, hilo la kwanza. Pistoni ikikaribia mwisho wa silinda inakutana na upepo ulobanwa, inasita ghafla, na hapo bunduki nzima inavutwa mbele. Hilo la pili ndilo baya. Bunduki inaruka mbele lakini darubini kwa uzito wake inataka kubaki pale ilipokuwa, sawasawa na abiria alosimama kwenye daladala dereva akaondoka kwa kasi, gari inakwenda mbele yeye anaangukia nyuma. Basi kila risasi darubini inaachwa nyuma kidogo, kidogo sana, jicho halioni mpaka zitimie hizo ishirini zako.

Na ile ya mwanzo ilokufa ndo sababu hiyo hiyo, darubini nyingi za baruti vioo vyake vimefungwa kustahimili teke la upande mmoja, ukizipiga kwa mbele vinang'oka ndani. Halafu nyingi zimepangwa zione vizuri mita 90 na kuendelea, kwa mita 20 hazikufai hata zikiwa nzima. Tafuta iloandikwa kabisa kuwa ni ya bunduki za springi.

Sasa kazi. Chungulia reli ya juu ya bunduki yako, ule mfereji mwembamba wa milimita 11, kwa nyuma kuna tundu moja au mbili au tatu? Na pete zako, geuza chini uangalie, ipo pini ndogo ya chuma inayotoka kwa skurubu? Hiyo pini lazima iingie kwenye tundu. Iingie, isikae juu ya reli. Halafu kabla ya kukaza sukuma pete zote kwa NYUMA mpaka pini iguse ukingo wa nyuma wa tundu, ndo ukaze. Watu wengi wanasukuma mbele kwa sababu wamejifunza kwa bunduki za baruti, huku ni kinyume. Na pini isiwe ndefu ikagota chini ya tundu, ikigota itainua pete hewani na meno yake hayatoshika kitu.

Swali moja, bunduki yako unaipaka mafuta?

MwanaKonde

Ahsante sana fundi, umenifungua macho. Matundu yapo mawili lakini yamejaa uchafu mweusi mie nilidhani ni urembo tu. Pini ipo kwenye pete ya nyuma, imerudi ndani kabisa haigusi kitu.

Mafuta napaka kila wiki, naipaka yote, pwani huku kutu haina huruma ukiacha siku tatu inaanza. Na ndani pia natia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kile kitundu cha upepo, iwe laini.

GerejiYaVespa

Hapo sasa tumefika yakhe. Mafuta ya nje ni sawa, lakini yanapenya chini ya pete, na chuma juu ya chuma chenye mafuta hata ukikaza kwa mikono miwili kitateleza. Fungua zote, reli na meno ya pete pangusa na petroli au spiriti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Skurubu vile vile. Kisha funga kavu. Mafuta yako paka baada ya kumaliza, kwa kitambaa, pembeni pembeni.

Ya ndani acha leo hii. Mafuta ya cherehani ndani ya silinda yanawaka, pistoni ikibana upepo joto linapanda mafuta yanalipuka kama kwenye injini ya dizeli. Ukisikia mlio mkali na moshi na harufu ya kuungua ujue ndo hilo. Linaongeza teke, linavunja springi, linakula sili ya pistoni. Kama ni lazima, mafuta ya silikoni ya bunduki za upepo, tone moja, kwa nadra.

Skurubu iloliwa kichwa usipigane nayo, ikate mfereji kwa msumeno wa chuma uitoe na bisibisi bapa. Zile mpya kaza kwa ufunguo mfupi wa L ulioshikwa kwa vidole, siyo kwa kiganja, moja kidogo ya pili kidogo kwa kupishana mpaka mwanya wa kushoto na kulia uwe sawa. Kwenye skurubu za kushika reli tia tone moja la Loctite ya buluu, ile dawa ya kuzuia skurubu zisilegee, nyekundu usiikaribie maana haitoki mpaka uipashe moto.

FidlaNaQanuni

Salaam. Niongeze langu, mie kazi yangu ni kupiga fidla kwenye taarab hapa mjini lakini bunduki ya upepo ndo pumziko langu siku ya Jumapili. Mie yangu haikuwa ikihama kwenye reli, pini ilikuwa sawa kabisa, ilokuwa inateleza ni darubini yenyewe ndani ya pete, bomba lake limepakwa rangi laini linang'aa kama kioo. Kukaza nikaogopa nisije nikalibonyesha.

Siku moja niko natayarisha upinde, nikaangalia lile pande la ulimbo mkavu tunalopaka nywele za upinde, rozini, nikafikiri kazi yake si ndo hii hii, kukifanya kitu laini kishike? Nikakwaruza kwa kisu unga wake kidogo tu, kama chumvi ya kutia kwenye yai, nikautandaza kwa kidole ndani ya pete ya chini na ya juu, nikafunga kwa nguvu ya kawaida. Mwaka wa pili huu haijasogea. Ukitaka kufungua unapangusa na spiriti inatoka yote, bomba halina alama. Baadaye nikasikia na wapigaji wa bunduki kubwa wanaufanya ujanja huu. Kipande kidogo cha utepe wa gundi ndani ya pete nacho husaidia, lakini kwa joto letu ile gundi inayeyuka inakuwa utelezi, mie sikipendi.

MzeeWaKidike

Mwanangu wa Konde, kabla hujailaumu darubini shika kitako cha bunduki mkono mmoja na mtutu mkono mwengine utikise. Zile skurubu mbili za mbele zinazoshika ubao, na ile ya karibu na kifyatuo, zinalegea kwa mtikiso ule ule alokuelezea fundi. Na boliti ya bawaba pale mtutu unapokunjika, mtutu ukicheza hata unywele, darubini hata uijenge kwa saruji itakuwa inaangalia kwengine na risasi inakwenda kwengine.

La pili, usiipige ikiwa imelala juu ya ukuta au juu ya gogo. Ya springi itaruka. Iweke juu ya kiganja kilolegea, pahala pale pale kila siku, iache iende na irudi yenyewe usiibane.

La tatu, huo ukuta wa mawe. Risasi ya milimita 5.5 ikigonga jiwe inarudi, mie ilinipiga chini ya jicho, kovu ninalo. Weka gunia la mchanga nyuma ya kifuu chako. Na kunguru mpige, aliletwa toka Bara Hindi mwisho wa karne ya 19 na hadi leo anakula mayai ya ndege wetu, lakini popo wa Pemba usimnyooshee mtutu hata akikumalizia maembe, hana kwao kwengine duniani ila kisiwani hapa.

MwanaKonde

Shikamoo mzee wangu, popo mie siwagusi, na gunia nishaweka. Nimerudi na majibu.

Matundu nimeyachokonoa na sindano ya gunia, ukatoka uchafu wa miaka, mafuta yaloganda na vumbi. Pini nimeishusha, ilikuwa ndefu kweli inagota nikaipiga tupa kidogo. Nikapangusa kila kitu na petroli, nikasukuma nyuma, nikafunga. Skurubu moja ya mbele ya ubao niliikuta imelegea naizungusha kwa kucha. Halafu nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye reli, na mwengine kutoka kwenye bomba hadi kwenye pete, ili kikisogea chochote mstari ukatike nione.

Leo nimepiga risasi sitini. Mistari yote miwili mizima. Zote sitini zimekaa kwenye duara la shilingi mia mbili, ila tatu ambazo najua kosa langu.

Limebaki moja, kuzileta katikati nimekizungusha kifundo cha juu mpaka karibu kinagota, zimebaki kliki nne tano tu. Kuna ubaya?

GerejiYaVespa

Mashaallah. Ubaya upo, usikiache hapo. Ndani kuna springi dogo linaloshikilia bomba la nyuzi, ukifika mwisho wa juu linakuwa halina nguvu tena ya kusukuma, nyuzi zinacheza na risasi zinahama pini ikiwa mahala pake. Bunduki nyingi za kukunja mtutu zinainamisha pua kidogo, ndo maana unalazimika kupandisha. Hesabu kliki toka mwisho hadi mwisho, rudi nusu. Kisha kata kipande cha kopo la soda upana wa pete, kilainishe ncha zisikwaruze, kiweke chini ya bomba kwenye pete ya NYUMA tu, funga upige. Kimoja kisipotosha weka viwili, visizidi hapo maana bomba litapinda. Ikishakaa chora tena mistari yako, ile rangi ya kucha ni fikra nzuri na mie naichukua.