Tumepigwa wakuu: raundi za "fedha" za Magharibi ya Kale, nusu ya seti ni shaba tupu

Wakuu heshima mbele. Nina hasira, mtanivumilia.

Kuna muuzaji wa mtandaoni ametuzoea sana Wabongo wa huku Colorado. Jina silitaji, ila waliomo kwenye magrupu ya WhatsApp ya kununua fedha (silver, siyo pesa) watamjua kwa seti yake. Raundi nne, yaani vipande vya duara vya madini vinavyofanana na sarafu, na tangazo linasema wazi kila moja ni aunsi moja ya fedha .999 (safi kwa asilimia 99.9): nyati, mpanda farasi wa Pony Express (ile posta ya farasi ya Marekani ya zamani), mzee mchimba dhahabu kachuchumaa mtoni na karai lake, na gari la turubai linalokokotwa na ng'ombe. Sanduku la mbao, mahameli ndani, cheti chenye muhuri unaong'aa. Bei yake ilizidi bei ya fedha sokoni kwa zaidi ya nusu, akasema hapo nalipia sanaa. Haya, sanaa nimelipia. Fedha iko wapi?

Kwa wasiojua, raundi si sarafu. Inapigwa na karakana binafsi na haina thamani ya dola usoni. Sarafu ya fedha ya American Silver Eagle, inayotolewa tangu 1986, imeandikwa dola 1 na serikali ya Marekani inadhamini uzito na usafi wake. Raundi haina mdhamini wa hivyo. Unategemea uaminifu wa aliyeipiga, na maandishi yanayokwambia uzito na usafi. Yakichezewa hayo, umenunua picha.

Sasa chukua lenzi usome. Nyati na mchimba dhahabu: aunsi moja, .999, hakuna shida. Mpanda farasi na gari la turubai: "100 mills .999 fine silver". Aunsi hakuna! Hiyo "mills" haikwambii una gramu ngapi za fedha. Imewekwa ili jicho lako liione .999 litulie. Na nyuma ya cheti, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, wanakiri ni "tabaka" la fedha. Kwenye tangazo neno tabaka halimo.

Nilipomwandikia, akanirushia video. Sumaku haishiki raundi. Barafu juu ya raundi inayeyuka mbio. "Umeona bro, fedha halisi." Wewe! Shaba nayo haishikwi na sumaku. Shaba nayo inapitisha joto vizuri sana, barafu juu yake haikai. Vipimo vyote viwili alivyochagua, shaba inafaulu, na mtu anayeuza madini hawezi kuniambia hajui hilo.

Kinachozitenganisha ni ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.49, ya shaba 8.96. Nikaweka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya vito, nikairudisha kwenye sifuri, nikaning'iniza raundi kwa uzi mpaka ikazama bila kugusa chini. Kila gramu inayoongezeka kwenye mizani ni sentimita moja ya ujazo wa raundi. Mchimba dhahabu: 2.97. Nyati: 2.97. Mpanda farasi: 3.46. Nikarudia, 3.46. Gari la turubai hivyo hivyo. Juu ya mizani kavu zote nne zina gramu 31.1, yaani aunsi moja ya madini, ndiyo maana ukipima uzito peke yake huoni kitu. Lakini zilaze mezani bega kwa bega uone, zile za shaba ni nene kwa karibu nusu milimita.

Nikaenda duka la sarafu. Mzee wa pale akakwaruza ukingo wa mpanda farasi kidogo tu, wekundu ukachungulia. Mbili akasema atazichukua chini kidogo ya bei ya soko, mbili nipeleke kwa wanunua shaba.

Na huo "urithi" wenyewe basi. Sanduku linasema Pony Express ilibeba barua za taifa "kwa kizazi kizima". Ilianza Aprili 1860 ikafungwa Oktoba 1861 baada ya nyaya za telegrafu kuunganisha mashariki na magharibi. Miezi 18, kizazi gani hicho? Nyati, muuzaji anamwita "mchoro wetu wa pekee" wakati ni yule yule wa James Earle Fraser aliyekuwa kwenye senti 5 za Marekani kuanzia 1913 hadi 1938, na karakana chungu nzima zinampiga.

Mtakaokuja na "si ungenunua Eagle tu", ninazo. Hizi nilizitaka kwa michoro, na yule mzee wa karai kapigwa vizuri mno, mpaka mishipa ya mkono inaonekana. Ndicho kinachoniuma zaidi: anachanganya mbili za kweli humo ili ukipima moja ya juu uamini zote.

Kurudisha pesa kagoma. Sababu? Eti nimeshafungua vifuko vya plastiki. Ningezamisha nini kwenye maji, kifuko?

Malalamiko nimeshafungua kwa kampuni ya kadi yangu, na wanataka ushahidi. Mwenye seti hii, awe Dallas, Minneapolis au popote, pima kwa maji kisha tupia humu picha ya mizani na ya ukingo. Cheti kipigeni picha upande wa nyuma, ule wa mbele hausaidii kitu. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na huyu jamaa, aseme aliandika nini.