Gari moja la familia na kazi ya bomba: Probox, Noah au double cabin?

Fundi Buhongwa: Wakuu habari, mi fundi bomba hapa Mwanza, nina mke na watoto wanne, nataka gari moja tu asubuhi lipeleke watoto shule halafu libebe pampu na vifaa twende saiti, kuna siku navuka daraja la Kigongo-Busisi naenda Sengerema. Nichukue lipi?

Kijana wa Igoma: Probox mkuu, cc 1500, mafuta inanusa tu, spea kila kona

Mama Kirumba: We kijana acha utani, Probox siti tano, wao wako sita, wa sita akae kwenye buti na gundi ya bomba? Kaka chukua Noah, siti za nyuma kabisa unakunja pembeni, mlango wa kusukuma unashusha pampu hata kwenye kichochoro. Ila tandika turubai, grisi ikiingia kwenye kapeti shem hatakuelewa Jumapili.

Fundi Buhongwa: Na bomba za mita 6?

Mzee Nyegezi: Hizo haziingii kwenye lolote hapo, funga keria na kitambaa chekundu kwa nyuma, zikiwa nyingi kodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Double cabin tamu kwenye mawe yetu haya ila bei yake mh, na vifaa vinalala wazi nyuma, vibaka wanajichagulia.