Piano ya kanisani haishiki sauti, fundi kaja mara mbili. Msaada wakuu

Mpiga_Kinanda
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Kanisani kwetu huku Ilemela tuna piano ya kusimama, ya zamani, waliiacha wamisionari. Fundi kaja Februari, kaja tena Juni. Akiondoka inalia vizuri mno. Wiki tatu hazipiti, ile G iliyo juu ya C ya katikati inaanza kutoa sauti mbili kwenye kibao kimoja. Jumapili nimewapa kwaya sauti ya kuanzia Utukufu, besi wakashika yao, soprano yao. Padri akageuka kunitazama.

Fundi anasema ni hewa ya ziwa. Halmashauri inasema ni fundi. Na nauli yake ni ya kutoka Dar. Tushike lipi?

Dagaa_Mkavu
Uzeni, mnunue kinanda cha umeme.

Mpiga_Kinanda
Na umeme ukikatika tuimbe kwa makofi?

Spana_Mkononi
Mkuu hizo pini za kukazia nyuzi zimeshika kutu. Pulizia WD-40, acha usiku kucha, asubuhi kaza.

BesiYaPili
USITHUBUTU. Pini ya piano haina nati, imeshikiliwa na kubanwa na mbao tu. Piano ina nyuzi kama 230, zikivuta kwa pamoja ni tani 18 hivi. Mafuta yakinywewa na huo ubao, umeshauua.

Kuhusu fundi na ziwa: ubao mpana wa nyuma, ule unaokuza sauti, huvimba masika na kuzivuta nyuzi, sauti ikapanda. Kiangazi unasinyaa, inashuka. Lakini hapo hushuka noti nyingi kwa pamoja. Hewa haichagui uzi mmoja ikaacha jirani zake. G yako ina nyuzi tatu. Kata kabari kwenye kandambili kuukuu, zuia mbili, piga uliobaki, pima kwa programu ya simu. Rudia kwa kila mmoja, ulete majibu.

MzeeWaKwaya
Mwanangu, fundi akikaza anapiga kibao kwa nguvu au anakibembeleza? Uzi usipogongwa sawasawa hautulii, utashuka wenyewe baadaye. Na kama uliwahi kukatika akaweka mpya, huo utajinyoosha miezi kadhaa.

Mpiga_Kinanda
Shikamoo mzee. Hakuna uzi mpya, na fundi anagonga hadi mlinzi analalamika.

Majibu: nyuzi mbili za G zimeshuka senti 8 (senti 100 ni nusu toni), na A inasoma hezi 438 badala ya 440. Uzi wa kushoto umeshuka senti 35! Ndani ya benchi nimekuta ufunguo wa kukazia wa hao wamisionari. Nikauvisha kwenye pini ya huo uzi, ikazunguka kwa vidole viwili. Pini ya jirani hata haikutikisika. (Kandambili ni ya mke wangu, bado hajajua.)

BesiYaPili
Basi umeshapata jibu. Senti 8 za wote ni za kiangazi, mwachie Mungu. Hizo 35 ni pini kulegea, tundu limepanuka. Fundi angekuja hata kila wiki, itarudi palepale.

Tiba ziko mbili. Kuna kuing'oa na kuweka pini nene zaidi, kazi ya fundi hiyo. Rahisi zaidi ni supa gluu ile nyepesi kama maji: piano inalazwa chali, unadondosha matone kuizunguka pini, yananyonywa na mbao, unaacha ikauke hadi kesho. Fungua madirisha, moshi wake unachoma macho. Ila kwanza mulika tochi: kama ubao wa pini wenyewe umepasuka, gundi haitasaidia. Na hiyo piano iko wapi hapo kanisani?

Mpiga_Kinanda
Chini ya dirisha la upande wa ziwa. Mvua ya upepo ikija tunaifunika turubai.

BesiYaPili
Daah. Isogezeni ukuta wa ndani kabla ya vuli, hata gundi hujaigusa.

MzeeWaKwaya
Marahaba. Kuilaza tafuta vijana sita, si wanne. Inafika kilo 200 na zaidi, na uzito wote uko nyuma.

Mpiga_Kinanda
Vijana wapo Jumamosi, ubao nimemulika hauna ufa. Sasa hiyo gundi nyepesi, Mwanza hapa inauzwa wapi? Nimezunguka Makoroboi yote, wananipa ya kubandikia viatu.