Maandishi ya dhahabu Photoshop yananitokea rangi ya bizari, msaada wakuu

Kijana wa Kadi:
Wakuu habari za jioni. Nina kadi ya send-off natakiwa niikabidhi Ijumaa, mwenye shughuli anataka jina lake ling'ae kama dhahabu juu ya maruni. Nimeweka Color Overlay ya njano nikaongeza Bevel & Emboss (ile ya kuinua kingo za herufi) nikamtumia, kanijibu "kaka hii dhahabu au mchuzi?" Natumia toleo la CS6. Nakosea wapi?

Mkata Leya:
Toa hiyo Color Overlay kabisa mkuu, dhahabu haina rangi moja. Chukua pete yoyote uiangalie vizuri, utakuta sehemu ni kahawia karibu na nyeusi na hapohapo pembeni pana weupe, hiyo ndo inayodanganya jicho. Weka Gradient Overlay, ile ya rangi zinazofifia moja kwenda nyingine, namba za rangi anza #AA771C, ifuate #FCF6BA, halafu #B38728, urudie tena ile ya mwanga, angle 90. Kwenye Bevel chagua Chisel Hard, size vuta mpaka mikato ya pande mbili ikutane katikati ya herufi, Gloss Contour (mtindo wa mng'ao) weka Ring. Hiyo Ring wengi wanairuka alafu wanakuja kulia humu.

Bi Fonti:
Fonti gani lakini? Kama ni ya mwandiko, nyembamba kama uzi, hiyo chisel haina pa kukaa.

Kijana wa Kadi:
Dah ni ya mwandiko kweli, na kaichagua mwenyewe 😅

Bi Fonti:
Basi washa Faux Bold, inenepeshe herufi, uone. Na Highlight, rangi ya upande wa mwanga kwenye Bevel, usiiache nyeupe pee, weka krimu.

Mzee wa Machapa:
Ngojeni kwanza, ya WhatsApp au ya kuprinti? Maana CMYK, zile rangi nne za kuprinti, haina mng'ao, wino wa kawaida unaigiza tu. Nilishapeleka kadi 150 duka moja hapa mjini, kwenye skrini dhahabu, karatasini tope, nikala hasara mwenyewe. Kama hela ipo omba foili, ule utando wa dhahabu unaogandishwa karatasini, jina unalitoa peke yake kwenye faili la vekta (la mistari, si la nukta kama picha), jeusi tupu bila gradienti wala kivuli, wao wanaligonga kwa moto. Bevel yote hiyo unaitupa.

Kijana wa Kadi:
Ya WhatsApp mzee wangu, ila mama yake anataka 50 za karatasi kwa ajili ya wazee, ngoja niwaulizie bei ya foili. Ring nimeweka, imekaa! Sema mwanga unatokea kushoto na kivuli nacho kinaangukia kushoto.

Mkata Leya:
Tiki Use Global Light kwenye Bevel na kwenye Drop Shadow (kivuli), zote mbili, zifuate mwanga mmoja.

Kijana wa Kadi:
Imekubali. Nimemtumia, kaweka moyo tu hajasema kitu 😂