Kocha si mkeka wenu! Nimechoka na hukumu za Mkunguni

Jamani, tangu Jumamosi najizuia kuandika, leo nimeshindwa.

Jumamosi usiku, Mkunguni, baraza letu la kahawa hapa Lamu, mechi ya kwenye televisheni imekwisha, tumepigwa mbili bila. Timu siitaji, maana nikiitaja tu nusu yenu mtaacha hoja mkamate jezi. Mtu mzima, ndevu zina mvi, akasimama akabamiza kikombe kwenye sinia ya mzee wa kahawa. Kikapasuka vipande vitatu, kahawa ikamrukia mtoto aliyekuwa anakula kashata yake hana habari. "Kocha mwizi huyu! Atolewe leo leo!" Nikamuuliza: haya, mabeki wetu wa kati leo walikuwa nani? Kimya. Zile nafasi mbili za kipindi cha pili, aliyepiga nje ni nani? Akanikazia macho kama nimemtukania mamake. Baadaye mwenzake akaninong'oneza: mkeka wake wa kubashiri umechanika, mechi tisa, ilikuwa imebaki hii moja tu.

Basi si useme hivyo! Sema umeliwa pesa, tukupe pole, ukalale. Lakini usigeuze hasara yako ya shilingi mia mbili ikawa hukumu ya kazi ya mtu.

Na hili si la mmoja. Ni baraza zima. Tukishinda, mshambuliaji ni hodari. Tukifungwa, kocha hajui mpira. Mchezaji akipiga nje akiwa yeye na kipa, kocha. Kipa akitema mpira mwepesi, kocha. Siku moja nilisikia mvua nayo analaumiwa kocha, wallahi.

Chukueni Tottenham ya Uingereza, msimu wa 2024/25. (Siyo timu yangu, tulieni.) Ukisoma jedwali peke yake: nafasi ya 17, pointi 38, mechi 22 wamefungwa. Kwa jedwali hilo kocha wao, Ange Postecoglou, ni ovyo, hakuna cha kujadili. Sasa funua chini. Kipa Vicario alivunjika kifundo cha mguu Novemba. Van de Ven na Romero, mabeki wake wawili wa kati, miezi na miezi wako nje. Dragusin aliyekuwa anaziba pengo, Januari goti likaenda. Beki wa kati akawa Archie Gray, kiungo, mtoto wa miaka 18. Nitajieni kocha yeyote mnayemsujudia, mnyang'anyeni kipa na mabeki watatu, halafu tuone atashika nafasi ya ngapi.

Lakini simwachii hivi hivi, maana kuna wenzangu wengine nao wakishamtetea mtu hawamwoni kosa. Postecoglou alikuwa mbishi. Novemba 2023 na Chelsea alibaki na wachezaji tisa uwanjani na mabeki bado wamesimama katikati ya uwanja, wakapigwa nne moja, na watu wakampigia makofi eti ana msimamo. Na misuli ya wachezaji ilipoanza kukatika mmoja baada ya mwingine, ilikuwa haki kuuliza kama zile mbio anazowakimbiza ndizo zinazowakata. Hilo ni lake, halikuletwa na upepo.

Halafu Mei 21, 2025, Bilbao, fainali ya Ligi ya Europa na Manchester United. Brennan Johnson akafunga kabla ya mapumziko, na Postecoglou yule yule ambaye hajui kurudi nyuma, akarudi nyuma. Wakajikusanya langoni mwao. Van de Ven akauruka mpira mgongo chini miguu juu, akautoa kwenye mstari kabisa. Moja bila, kombe la kwanza tangu 2008. Siku 16 baadaye wakamfukuza.

Mimi ningemfukuza? Pengine ndiyo. Lakini ningemfukuza kwa sababu alionyesha Bilbao kwamba kubadilika anajua, na kwenye ligi msimu mzima hakutaka. Nafasi ya 17 peke yake isingenitosha. Mnaona tofauti? Hamuoni. Haya.

Tuje nyumbani. Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ndani, Benni McCarthy, kocha wa Harambee Stars, alikuwa baba wa taifa. Tumemfunga Kongo, tumemfunga Moroko, tumemfunga Zambia, tumetolewa robo fainali na Madagaska kwa penalti tarehe 22, watu wanalia huku wanamsifu. Septemba 5, Kasarani, Gambia wanatupiga tatu moja, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Wiki mbili! Watu wale wale, baraza lile lile, "huyu alibahatisha tu." Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, na Gambia walituletea watu wao wanaocheza Ulaya. Kazi mbili tofauti, mnazipima kwa pishi moja.

Na nyinyi wa upande wa pili, mnaokuja na "mpe muda, mpe muda, Ferguson naye alipewa muda", nimewachoka vilevile. Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986, ligi akaichukua 1993, hiyo kila mtu anaijua, mmeifanya wimbo. Lakini hakukaa akisubiri muda umfanyie kazi. Alikuwa anang'oa walevi kikosini na kulea vijana, mtu mwenye macho aliona kitu kinajengwa hata walipomaliza nafasi ya 13. Kocha wetu wa ile timu ya Jumamosi anajenga nini? Hilo ndilo swali, na jibu langu ni kwamba kona tunafungwa kwa namna ile ile tangu mechi ya tatu, beki wa mbali anaachwa peke yake kila mara, na hakuna kinachorekebishwa. Hapo nitamlaumu mchana kweupe. Kwa zile nafasi mbili zilizopigwa nje, hapana, simlaumu, watu waliwekwa pazuri wakakosa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa Lamu kupima tunajua. Mashindano ya mashua yakiisha na chombo kikatokea cha mwisho, wazee wa Langoni hawasemi nahodha atupwe baharini. Wanauliza kwanza: chombo kilipanda lini pwani kikakwanguliwa? Tanga la nani lile, mbona limelegea? Upepo ulikata walipokuwa wapi? Wakishajua hayo ndipo wanamgeukia mwenyewe: ulibisha wapi, yaani uligeuza chombo upande wa pili wa upepo wapi? Mbona ulichelewa kubisha, wenzako wote walishageuza? Na hapo wanamsema mpaka machozi yamtoke. Akili hiyo mnaiacha wapi mkishawasha televisheni?

Mnaweza kuniuliza imenihusu nini mpaka niwake hivi. Imenihusu. Kuna timu hapa kisiwani niliwahi kuifundisha, bure, nauli ya boti kwenda Mokowe natoa mfukoni mwangu. Kaskazi ikaingia, vijana saba wa kikosi cha kwanza wakaenda dago, kambi ya uvuvi, kule Kiwayu kupiga mbizi ya kamba. Ningewakataza vipi, kuna mwenye mke na watoto wawili pale. Nikacheza mechi nne na akiba na wanafunzi, tatu nikafungwa, moja sare. Nikatolewa kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. "Kocha, kamati imekaa, asante kwa huduma yako." Huku nyuma nasikia mtu anacheka na kijiko kinagonga kikombe. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa na nani uwanjani. Wale saba waliporudi, timu ikashinda, na kocha mpya akabebwa juu juu.

Na sikuwa malaika. Mechi ile ya pili nilimweka winga mtoto kucheza beki wa kushoto na nilijua hawezi. Wangeniambia hilo, ningenyamaza.

Basi Jumamosi ijayo baada ya isha niko pale pale. Anayetaka kocha atolewe aje na majina ya mabeki wanne walioanza, nani yuko nje kwa majeraha, na kosa moja, moja tu, ambalo kocha amelirudia mara tatu. Nitamsikiliza mpaka mwisho na kahawa nitamlipia.

Na yule bwana wa ndevu, anajijua, mzee anadai kikombe chake. Si kimoja hata, ni viwili: cha wiki ile tulipotoka sare nacho bado hajalipa.