Mtaalamu ashauri tu, au neno lake liwe la mwisho?

Karani Mstaafu
Mwaka 2009 nchini Uingereza, Profesa David Nutt, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza linaloishauri serikali kuhusu dawa za kulevya, alitakiwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, Alan Johnson, aachie nafasi yake baada ya kusema hadharani kwamba pombe na tumbaku vina madhara kuliko baadhi ya dawa zilizopigwa marufuku, bangi ikiwamo. Waziri alishikilia kwamba mtu hawezi kuishauri serikali na papo hapo akaipigia kampeni dhidi ya sera yake. Mapema mwaka huohuo bangi ilikuwa imepandishwa daraja la adhabu kinyume na ushauri wa baraza lenyewe.

Swali langu ni hili: je, sheria iilazimishe serikali kuufuata ushauri wa wataalamu, au itoshe kuitaka ieleze kwa maandishi kwa nini imeukataa? Mimi naegemea hilo la pili. Nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka mingi, na nimeona ripoti ya kurasa mia moja ikikamuliwa hadi ibaki aya moja ya kumsomea mkubwa. Katika kukamuliwa huko, neno linalodondoka la kwanza huwa ni "huenda".

Kipimajoto
Maelezo ya maandishi hayamponyi mtu, Mzee Karani. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini aliunda jopo ambamo waliokanusha kwamba VVU husababisha UKIMWI waliketi bega kwa bega na waliovitafiti virusi hivyo. Wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban mwaka huohuo, wakaeleza kwamba ushahidi hauna utata, na bado dawa za kufubaza virusi zilicheleweshwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliotoka mwaka 2008 ulikadiria kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Na maelezo ya maandishi yalikuwapo: Rais mwenyewe aliwaandikia barua viongozi wa nchi nyingine kuutetea msimamo wake. Kwa hiyo penye ushahidi ulioiva, neno la mtaalamu lifunge mjadala, na mtu asiyeweza kusoma grafu asipewe kiti sawa na aliyetumia nusu ya umri wake kuichora.

Fimbo ya Mchunga
Nimesoma vizuri hadi nilipofika kwenye grafu. Mimi ni katika hao wasiopewa kiti, basi nitasema nikiwa nimesimama.

Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, mvua iliteremsha sesiamu yenye mionzi juu ya vilima vya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ambako watu huishi kwa kondoo. Serikali ilizuia kuwahamisha na kuwauza, na wataalamu wakasema zuio hilo lingedumu wiki tatu. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012. Kosa lilikuwa kwenye udongo: makadirio yalitokana na udongo wa mfinyanzi wa nyanda za chini, ambao huishika sesiamu isipande kwenye mimea, ilhali udongo wa vilima vile ni mweusi, una tindikali na umejaa mimea iliyooza nusunusu, hivyo sesiamu ilipanda kwenye nyasi, ikaingia kwa kondoo, ikarudi ardhini na kuanza upya. Wafugaji waliambiwa wawateremshe kondoo mabondeni kwenye nyasi safi, kana kwamba nyasi za bondeni hazina mwenyewe, na wao wakijua kuwa hiyo ndiyo akiba yao ya majira ya baridi. Kisha yakafanywa majaribio ya kuwafungia kondoo kwenye vizuizi. Wafugaji walionya kwamba mnyama aliyezoea mlima wazi hudhoofu akifungwa na vipimo vyake havitakuwa na maana, lakini hawakusikilizwa, na majaribio hayo yakaja kuachwa. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, ndugu Kipimajoto, hata ukimchorea kunguni grafu.

Kipimajoto
Methali haipimi bekereli, yaani kipimo cha mionzi. Ni nani aliyegundua kwamba udongo ule hauishiki sesiamu? Ni wapimaji, kwa vipimo. Sayansi ilikosea ikajirekebisha, na hilo ndilo linaloitofautisha na busara za mzee yeyote wa kijijini. Sikusema wafugaji ni wajinga. Hayo umeyasikia wewe mwenyewe ukiwa tayari umenuna.

Fimbo ya Mchunga
Ilijirekebisha baada ya nani kuuza kondoo wake kwa hasara? Na kuhusu kununa, nimenuna kwa ustaarabu.

Bibi Hesabu
Mimi hula mkate wangu kwa kuchora hizo grafu, na ninaweza kuwahakikishia kwamba maprofesa wanaoshindwa kuzisoma, hasa za fani isiyo yao, si wachache. Neno lile lilikuwa la dharau, na lingefutwa tungesonga mbele.

Kinachonishughulisha ni aina mbili za maswali zinazochanganywa kila mara. Kwamba kupunguza mwendo wa magari kunapunguza vifo, hilo hupimwa. Kwamba jamii ikubali kuchelewa kiasi gani ili kuviepuka, hilo halina kipimo, na mtaalamu anayelijibu kwa sauti ileile aliyojibia la kwanza anatumia heshima asiyoistahili. Tena hata yale yanayopimika huhitaji uangalifu wa lugha. Hadi Juni 5, 2020, Shirika la Afya Duniani halikuwa likipendekeza barakoa kwa umma wote, kwa sababu ushahidi wa kwamba zinafaa ulikuwa haujatosha. Watu wengi walisikia kwamba hazifai. Ushauri ulipobadilika, waliona wamedanganywa, na hilo "huenda" la Mzee Karani ndilo lililokuwa limedondoka njiani.

Msafiri Mkavu
Hayo ya kipimo na kisicho na kipimo ni mazuri kwa darasani. Mimi nauliza nani hulipa. Italia iliwafunga wanasayansi wake kwa kushindwa kutabiri tetemeko la ardhi, na tangu hapo nadhani wengine wamejifunza adabu.

Karani Mstaafu
Sivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa nimezoea kusahihisha mihtasari, niruhusuni. Mji wa L'Aquila ulikuwa umetikisika kidogokidogo kwa miezi kadhaa, na wataalamu waliitwa kikaoni Machi 31, 2009. Ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa katika jopo hilo aliiambia televisheni kwamba mitikisiko midogo ilikuwa ishara njema kwa sababu nguvu ilikuwa ikipungua ardhini, na mwandishi alipomtania kwamba basi watu wanywe glasi ya divai, akakubali. Aprili 6 tetemeko kubwa liliua watu 309. Wakazi wa pale walikuwa na desturi ya kutoka nje na kulala mbali na nyumba baada ya mtikisiko. Baadhi ya waliofiwa walieleza mahakamani kwamba safari hii ndugu zao walibaki ndani kwa kuwa walikuwa wametulizwa. Mwaka 2012 watu saba walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na kosa lililotajwa halikuwa kushindwa kutabiri, bali kuitathmini hatari kijuujuu na kuwatuliza watu. Mwaka 2014 wanasayansi sita waliachiwa huru katika rufaa. Yule ofisa alibaki na hatia, ingawa adhabu yake ilipunguzwa.

Msafiri Mkavu
Nashukuru kwa masahihisho, ingawa sioni kama yamenihamisha. Glasi ile ya divai haikulipiwa na aliyeiahidi.

Kipimajoto
Inakuhamisha sana. Nadharia ya nguvu kupungua haikuwa sayansi. Ilikuwa maneno ya ofisa aliyetaka watu watulie. Mkiwatia wataalamu hofu ya mahakama, watajifunza kuonya kila siku ili wasishtakiwe, na mtu akionywa kila siku huacha kusikia. Kauli yangu kuhusu grafu naiondoa, kwa kuwa imekula mjadala wote. Lakini naona hoja ya Afrika Kusini imepitwa kama mgeni barazani asiyekaribishwa. Watu 330,000, na nyote mmejibu habari ya kiti.

Fimbo ya Mchunga
Nimeipokea, na mgeni wako nimkaribishe. Umesahau sehemu ya pili ya kisa. Azimio la Durban halikuilegeza serikali ile. Waliokwenda mahakamani ni vuguvugu la Treatment Action Campaign, ambalo wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wagonjwa wakiwamo, waliojifundisha na kufundishana namna virusi vinavyofanya kazi na namna dawa inavyovizuia. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali itoe nevirapini, mojawapo ya dawa hizo za kufubaza virusi, ili kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wanasayansi walileta ushahidi, na wagonjwa wakaubeba hadi mahali ulipoweza kumlazimisha mtu. Sasa nieleze, kwa sheria yako ya neno la mwisho, hao ungewakalisha wapi?

Karani Mstaafu
Kabla hajajibu, niandike tu kwamba swali langu kuhusu sababu za maandishi bado halijapigiwa kura.