Sheria namba 12 imeandikwa na biro tukiwa bado tunabishana!! Hii klabu ni ya watu wote ama ni ya kapteni na rafiki yake?

Wadau habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, nimekuwa hapa miaka nikisoma tu, nacheka, naenda zangu, lakini leo wacha nitoe hii kitu kifuani juu nikilala nayo siku ya tatu itanipasua.

Niko Nakuru. Klabu siitaji, walio ndani wanajijua na walio nje haitawasaidia. Ni hizi klabu za zamani zenye veranda, na picha za wazungu ukutani ambao hakuna mtu aliyebaki anajua waliitwa nani. Nje kuna kiwanja cha nyasi cha bowls, ule mchezo wa kutembeza mipira chini, lakini mvua ya Aprili ikishaanza kushuka kutoka upande wa Menengai kile kiwanja ni kidimbwi, vyura ndio wanacheza. Kwa hivyo tunaingia ndani ya holi, tunasukuma viti, tunatandika mkeka. Nasema mkeka, si ule wa kubeti na si ule wa serikali wa kugawia watu kazi. Ni kapeti refu la kijani, futi 40 hadi 45 kwa urefu na futi 6 peke yake kwa upana, na katikati kunawekwa kibao cha inchi 15 kimelala njiani. Sa wewe unatakiwa utembeze mpira wako upite kando ya hicho kibao bila kukigusa uende ukasimame karibu na kale kampira kadogo tunakaita jeki, na hapo pia sisemi jeki ya gari. Ukigusa kibao mpira wako umekufa, unatolewa. Na mpira wenyewe si wa kunyooka, umechongwa upande mmoja ndio ukianza kuchoka unajipinda, kwa hivyo mgeni akija anarusha moja kwa moja anaona umemwacha unaenda zako kwa miguu ya meza. Watu hucheka wakisikia ni mchezo wa wazee. Njoo ujaribu kwanza, utatoka jasho na hujakimbia hata hatua moja.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi tulikuwa na mechi ya pea, watu wawili wawili, kila mtu mipira minne, endi kumi, yaani raundi kumi. Zawadi kuku wawili na thamosi. Mimi nacheza na shosho mmoja hapo wa miaka sabini na kitu, mama wa kanisa, magoti yamekataa lakini mkono bado uko, yaani akishika mpira unaona amenyamaza kabisa, anapangusa na leso yake, anaangalia upande wa dirisha ka mtu anayengoja gari, alafu anauachilia polepole na unaenda kukaa pale pale alisema utakaa. Shosho alikuwa anaitaka ile thamosi. Kuku hakujali, ako na wake.

Upande ule mwingine ni kapteni wa klabu na rafiki yake. Kapteni ndiye anaandika sheria za mkeka, ndiye anapanga ratiba, ndiye anashika tepu ya kupimia, na sheria namba 4 kwa ile karatasi yao inasema ati kupima kutafanywa na kapteni au mwanaume atakayemteua. Mwanaume. Mwaka huu. Wanawake wanacheza bowls kwa michezo ya Commonwealth, ile ya Jumuiya ya Madola, tangu 1982 kule Brisbane, hapa kwetu Nakuru hawawezi kushika tepu. Lakini hiyo tuliimeza, si ndio kawaida yetu, tunameza tu.

Tumefika endi ya kumi tuko 8 kwa 8. Watu wote wametoka baa wamekuja kuangalia, hata yule jamaa wa kaunta amefunga friji amesimama mlangoni na kitambaa begani. Shosho amemaliza yake, kapteni amemaliza, mpira wao mmoja uko karibu na jeki, futi moja hivi na kidogo. Mimi nimebaki na mmoja. Nikavuta pumzi, nikaupeleka mkono wa kulia wa kile kibao, ukapita na nafasi ya kidole, ukajipinda vizuri, ukabusu jeki, tik, watu wote waliisikia, jeki ikasogea kidogo mbele ikasimama kwa mstari, na mpira wangu ukaendelea taratibu ukavuka mstari ukaingia mtaro. Na mtaro wa bowls ya mkeka si shimo, ni ile nafasi ya mwisho nyuma ya mstari kabla ufike ubao wa kuzuia. Ukalala pale, vidole vitatu kutoka kwa jeki. Shosho akatoa chaki akauwekea alama.

Hii chaki ndio stori yote, kwa hivyo naomba mnielewe. Mpira ukigusa jeki ukiwa kwa safari yake unaitwa tacha, unapigwa chaki, na kuanzia hapo hiyo chaki ni ka bima. Mpira usio na chaki ukiingia mtaro umekufa. Wenye chaki ukiingia mtaro uko hai, unahesabiwa. Hiyo si maoni yangu wala ya Shosho, ndio bowls yenyewe, iwe ya nyasi ama ya mkeka. Ni ka vile kwa kandanda goli ni mpira uvuke mstari wote. Huwezi amka asubuhi uwanja wa Afraha ukasema leo goli ni mpaka uguse wavu.

Kapteni akasema, "Kijana, toa huo mpira."

Kijana! Niko na mtoto sekondari.

Nikamuuliza, "Kwa nini mzee?"

"Si umeingia mtaro."

"Uko na chaki, mzee."

"Hapa kwetu chaki haiokoi."

Wueh. Nikadhani anatania, nikacheka, nikaona hacheki. Tukaanza kubishana, Shosho naye akaingilia kwa heshima sana akamwambia, "Mwanangu, mimi nacheza huu mchezo kabla ya wewe kunyoa ndevu, hiyo haiko." Kapteni akaleta mambo ya Commonwealth, ati hata huko hawahesabu. Bana, bowls iko Commonwealth tangu michezo ya kwanza kabisa 1930 kule Hamilton, Kanada, imekosekana mara moja tu 1966 Kingston, na hii ya Glasgow 2026 imepangwa kuchezewa ndani ya nyumba ka sisi tu. Miaka hiyo yote unadhani watu walikuwa wanapiga mipira chaki ili wapendeze?

Na hapa ndio naomba muangalie vizuri. Tukiwa kwa hiyo ngori, yule rafiki yake akasema anaenda msalani. Sawa, mtu akibanwa amebanwa. Njia ya msalani inapita kwa notisi bodi. Akakaa dakika tatu, nne, akarudi, wakaangaliana. Kapteni hapo hapo akasimama wima ka wakili akasema, "Basi kama hamniamini, nendeni mkasome notisi bodi, iko wazi."

Tukaenda wote, ka watu wanaenda kuangalia maiti. Karatasi iko pale, ile ile tunayoijua, imechapwa vizuri na kompyuta, sheria 1 mpaka 11. Alafu chini, kwa mkono, na biro ya buluu, herufi zimelala upande juu mtu alikuwa anaandikia ukutani: "12. Mpira ulioingia mtaro ni marehemu hata kama una chaki."

Marehemu!!

Nikapitisha kidole gumba juu ya hiyo marehemu. Ikatoka na mimi. Buluu kwa kidole. Nikageuka nikawaonyesha watu. Yule jamaa wa kaunta akajificha uso na kitambaa. Na rafiki ya kapteni amesimama hapo nyuma na biro ya buluu kwa mfuko wa shati, hata kifuniko hajarudisha, mfuko umeanza kuchora doa. Nilipiga picha, ya karatasi na ya kidole, simu inasema saa kumi na dakika kumi jioni, tarehe ya siku hiyo.

Sa mnadhani kapteni aliona aibu? Alisema komiti ilipitisha zamani ila walikuwa hawajaongeza kwa karatasi.

Haya, tuseme ni kweli. Tuseme ilipitishwa zamani. Endi ya tatu siku hiyo hiyo kapteni alichukua pointi mbili. Mpira wa kwanza ulikuwa kwa mkeka. Wa pili ulikuwa wapi? Kwa mtaro, na chaki, na yeye mwenyewe ndiye alipima na akasema mbili, na sisi tukakubali bila neno juu ndio sheria. Sa hesabu ni ya darasa la tatu. Ka chaki inaokoa, mimi nimeshinda 9 kwa 8. Ka chaki haiokoi, mtoe ile ya endi ya tatu, mbaki 7, mjiongezee hiyo moja ya mwisho, tuko 8 kwa 8, turudi kwa mkeka tucheze endi nyingine. Hakuna njia yoyote chini ya hili jua wewe unaenda nyumbani na kuku. Nilimwambia hivo mbele ya watu wote. Akasema endi iliyopita imepita. Akabeba kuku. Wote wawili. Na thamosi.

Sipingi klabu kuwa na sheria zake, mtu asinielewe vibaya. Viatu vya soli bapa, hiyo nakubali asilimia mia, kuna dada alikuja na viatu vya visigino virefu mwaka jana tukabaki na mashimo kwa mkeka ka chujio. Watu wakubaliane endi ngapi, mkeka utandikwe saa ngapi, nani anaukunja, mwenye hajalipa ada asiguse, yote sawa, hayo ni ya nyumba na kila nyumba ina yake. Hata ile faini ya mia mbili ukigusa kibao nimeshalipa mara tatu, ingawa risiti sijawahi kuona na ukiuliza mweka hazina anakuambia ati pesa ilinunua chaki. Chaki ya mia mbili! Hiyo ni chaki ama ni simiti? Lakini mpira gani uko hai na gani umekufa, huwezi kugusa hapo. Ukigusa hapo huo si mchezo tena, ni wewe na rafiki yako mnajigawia kuku.

Na msiniambie nipeleke malalamiko kwa komiti. Nilipeleka, Jumapili usiku, barua kabisa, kwa adabu, na picha mbili. Unajua katibu wa komiti ya mkeka ni nani? Ni yule wa biro. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Alinijibu na neno moja, "Imepokelewa", alafu dakika tano baadaye akaweka kwa grupu ya WhatsApp ya klabu ujumbe wa jumla ati wanachama wapya wajifunze "kushindwa kwa heshima". Mwanachama mpya mimi, miaka sita. Nkt.

Kinachoniuma si kuku. Nyama ya kuku Nakuru si shida. Ni Shosho. Aliingia matatu ya kwenda Bahati na ile begi yake ya mipira, na mnajua mpira mmoja unaweza kufika kilo moja na nusu, weka minne, na magoti yale. Hakusema kitu. Alikunja leso, akaiweka juu ya mipira, akafunga zipu, akaniambia, "Kijana wangu, hawa wakiniita tena uwaambie niko kwa maombi." Na mimi akiniita kijana sioni shida hata kidogo.

Kwa hivyo swali langu ni hili. Kuna mtu hapa Naks, ama hata Kisumu huko, niko tayari kupanda gari, anajua holi yenye sakafu sawa na urefu wa zaidi ya futi 45, ya kanisa, ya shule, ya chama, popote, tunaweza kukodi Jumamosi mchana? Mkeka tutatafuta, tuko watu saba tumeshaongea. Tepu nitanunua mimi, na atakayeishika ni Shosho.

NIMERUDI: Asanteni kwa majibu, huyo anayesema "ni mchezo tu bana acha hasira" nimekuona na nimekunyamazia. Kuna mwanachama mwenzangu amepita klabu leo mchana akanitumia picha. Ile karatasi ya biro imetolewa. Wameweka mpya, imechapwa yote na kompyuta, sheria 1 mpaka 12, ile ya mwisho sasa inasema "umekufa", marehemu wameitoa. Na juu kabisa, kwa herufi nene, wameandika tarehe ya kuanza kutumika: Januari.

Ile picha ya kidole bado ninayo.